Pundamilia Aliyevusha kwa Masikio

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana, Pundamilia mzee ndiye aliyewavusha wajukuu wake mtoni kwenda malishoni. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na binti yake alijua, maana kila siku alimwona akijikwaa.

"Baba, sasa pumzika," alimwambia asubuhi moja wakiwa ukingoni. "Nitawavusha mimi."

"Nilianza kuvuka mto huu wewe hujazaliwa," mzee akajibu. "Macho ya nini? Wa kwetu wote huniamkia. Asiyeniamkia ndiye Mamba, nami humkwepa."

Wajukuu walikuwa wanasikiliza. Binti akaona haya kumbishia baba yake mbele yao. Mamba naye alikuwa anasikiliza, katikati ya matete.

Kesho yake mzee akaingia majini, na mtoto wa huyo binti akawa ubavuni pake. Mbele yao sauti ya upole ikasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Maji hapo yanafika wapi?"

"Magotini tu, babu. Njoo huku huku."

Binti, aliyebaki ukingoni, aliona gogo likifumbua jicho. Akapiga ukelele, lakini mzee alikuwa ameshaifuata sauti. Mamba akamwacha yeye, akamchukua mtoto.

Tangu hapo binti ndiye anayevusha, wala hakuhitaji kumwomba baba yake tena. Kila asubuhi wajukuu waliobaki hupita mbele ya mzee wakimwamkia. Hamwitikii hata mmoja.