Mtihani wa Fourchette

"Usiguse! Kwanza nijibu."

Maguelone aliurudisha mkono haraka. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, kulikuwa na uma mmoja wa fedha. Ng'ambo ya meza alikaa Mwalimu Fulcrand, tai imekazwa hadi kooni, kalamu nyekundu mkononi. Bwana Teissier alikaa pembeni na faili lake.

Juzi Maguelone alifeli. Jana akafeli tena. Akifeli na leo, kesho asubuhi gari linakuja, na kilio chake hakitalizuia.

"Kwa Kifaransa, hii ni nini?"

"Fourchette, Mwalimu."

"Hata kasuku angesema hivyo! Maana yake?"

"Fourche ndogo. Ule uma mkubwa wa nyasi tunaouotesha kwa matawi ya mti hapa kijijini Sauve."

"Na mzazi wa neno hilo?"

"Kilatini. Furca."

"Farasi je, ana fourchette?"

Mtego huo! "Anayo, chini ya ukwato. Ile sehemu laini yenye panda. Hata glavu zinayo, kile kipande cha ngozi katikati ya vidole."

"Glavu nimekuuliza? Mdomo huo!"

Jamani, mtihani gani huu usio na huruma! Bwana Teissier akatazama saa. Maguelone akamtupia jicho la kumsihi.

"Haya, uweke mezani."

Hapo ndipo alipoharibu jana. Aliulaza meno yakitazama juu, kama mikahawani, na Mwalimu akafagia kila kitu kwa mkono hadi sakafuni. Leo aliulaza upande wa kushoto, meno yakigusa kitambaa, mgongo wenye herufi za ukoo ukionekana.

Mwalimu aliinama, akachungulia, akausogeza kidogo.

"Umefaulu. Nyumba yenye adabu huweka hivyo."

Maguelone alikimbia jikoni, akarudi na sahani ya viazi vilivyopondwa na samaki wa chumvi. Mwalimu akauchukua uma, akala. Akala tena.

Daktari Teissier akafunga faili. "Basi, amekula. Kesho hospitali hatumpeleki," akamnong'oneza Maguelone.

"Unaitwa nani, binti?" Mwalimu aliuliza, mdomo umejaa.

"Maguelone."

"Ala! Kama binti yangu." Akatazama mlangoni. "Sijui amepotelea wapi. Siku tatu hizi hajaniletea hata mkate."