Kopo la Funguo

Mama Kavugho alifungua leso yake, akaweka kitasa cha mlango wa gari juu ya meza ya Waziri, fundi funguo. Kilikuwa kitasa cha Peugeot 404 kuukuu ya mumewe. Tumbo lake lilikuwa limekua hata ikambidi anyooshe mikono ili aifikie meza.

Nyuma ya pazia, Sikujua, mke wa Waziri, aliacha kutwanga pondu, majani ya muhogo, akatega sikio.

"Bwana yangu Ignace alitoka na ufunguo ile vita ya siku sita," mgeni alisema. "Hajarudi bado. Gari iko ku parcelle, kule nyumbani, imefungwa; tulivunja kioo ili tutoe hii kitasa."

"Bon. Nitakuchongea mupya, mama. Kesho iko tayari."

"Hapana, papa. Jaribu kwanza zile za ndani ya kopo."

Kopo tena! Sikujua aliuweka mchi chini.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limejaa funguo kuukuu, kila mmoja umefungwa kikaratasi kwa uzi. Waziri alilifungia sandukuni, na ufunguo wa sanduku aliuvaa shingoni. Siku moja ya njaa Sikujua alitaka funguo zile ziuzwe kama vyuma chakavu, wapate ndizi za makemba. Waziri alimpandishia sauti, mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ya ndoa yao.

Hakuwa hivyo zamani. Mabomu yalipoanza mwezi wa sita, Sikujua na watoto walikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa dada yake Zaina, na hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka. Waziri alibaki mjini peke yake. Walipovuka hatimaye, Sikujua alimkuta mtu mwingine kabisa. Alikuwa hali nyama, hacheki, ananawa mikono mara tatu kabla ya kugusa chakula. Ukimuuliza alikuwa wapi siku zile, alikujibu, "Nilikuwa na batu," basi.

Watu gani? Jibu lilianza kuja lenyewe mlangoni: wanawake, kila mmoja na kitasa chake mkononi. Waziri hakuwatoza kitu. Wengi walitoka wakicheka na kumsifu Mungu. Mmoja, Odile, alitoka akilia, na Waziri akamsindikiza mpaka kwao, akarudi jioni. Fundi gani humsindikiza mteja nyumbani? Mwenye macho haambiwi tazama. Sikujua alikuwa bado anampenda mumewe, na hofu ya kunyang'anywa ilikuwa imemkondesha.

Na sasa huyu, na tumbo lake.

Alisogeza pazia kidogo, akachungulia. Waziri alikuwa akijaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine, anautazama uso wa mama Kavugho kila mara.

"Hii hapana."

Mama Kavugho alishusha pumzi, akatabasamu.

"Hii nayo hapana."

Akatabasamu tena. Ufunguo unakataa, mteja anafurahi! Sikujua alijua sababu: kila ufunguo uliokataa ulimwongezea mwanamke yule muda wa kukaa na fundi wake.

Kisha ufunguo mmoja uliingia mpaka mwisho. Mke wa fundi hadanganyiki. Sikujua alisikia ule mlio mdogo wa kitasa kinachokubali. Mkono wa Waziri ulisimama. Alimtazama mama Kavugho, akalitazama tumbo, akauchomoa ufunguo polepole na kuuficha chini ya kitambaa cha mafuta.

"Hii pia hapana," alisema. "Zimekwisha, mama. Enda uzae salama. Kiisha utarudia hapa, tutaongea."

"Aksanti, papa! Aksanti sana!" Mama Kavugho alipiga makofi, machozi ya furaha yakimtoka. Akaanza kukifunga kitasa ndani ya leso.

Kumbe! Anauficha ili arudi! Sikujua hakungoja kusikia zaidi. Alilitupa pazia kando, akatoka na mikono yake ya kijani ya pondu.

"Mama, usiende! Huyu bwana anakudanganya!"

"Sikujua, acha," Waziri alisema akiinuka.

"Niache nini? Niko na macho!" Alikikwapua kitambaa cha mafuta, akauchukua ufunguo, akakitoa kitasa ndani ya leso ya watu. Aliuingiza ufunguo, akauzungusha. Ulimi wa kitasa ulirudi ndani bila kusumbua.

"Unaona? Inafungua! Kamata ufunguo yako, mama, na hapa usirudi tena."

Alitegemea kuona aibu. Mama Kavugho hakuupokea ufunguo. Aliutazama tu, kisha akashuka taratibu mpaka sakafuni, mikono yote miwili juu ya tumbo, na kilio kilichomtoka kiliwasimamisha wapita njia wa barabarani.

"Ignace," alilia. "Ignace wangu, baba ya batoto!"

Waziri alikuwa ameshapiga magoti kando yake. Hakumtazama mkewe.

Sikujua alibaki amesimama na ufunguo wa watu mkononi. Uzi ulikuwa umelegea, kikaratasi kikaanza kukunjuka chenyewe. Kilikuwa na mwandiko wa Waziri, herufi zake kubwa za fundi:

*Tarehe 11, mwezi wa sita. Nyuma ya soko. Mwanaume, shati ya buluu. Ufunguo ulikuwa mufukoni. Tumemuzika hapo hapo. Jina hatujue.*