Mume wa Dokta Hyo-rim

Kibano kilimponyoka Dokta Ma Hyo-rim kwa mara ya tatu, na kiinitete cha panya kikachanika chini ya darubini. Alitukana, akakitupa kisahani ukutani kikavunjika.

"Dada, nipe mimi," alisema Gil Tae-sang, mtafiti wa meza ya jirani. "Vidole vyenyewe vimevimba hivyo."

"Niache."

Maabara yao pale Daejeon, Korea Kusini, ilikuwa ikifuatilia protini moja ambayo seli huitengeneza na kuitema nje. Walitaka kujua inaanza siku gani ya mimba ya panya, na seli zipi zinaitema. Siku ya nane protini hiyo haikuwepo. Siku ya kumi ilikuwa imejaa moyoni. Kilichobaki ni siku ya tisa, na Hyo-rim alikuwa ameihangaikia miezi minane.

Tae-sang alichungulia slaidi ya jana. "Si hii hapa? Moyo ndio unaoitengeneza. Rangi yote iko moyoni."

"Hapo ni ilipotua, bwana mdogo. Inayoitema ni tishu ya pembeni. Hiyo shahada ulipewa na nani?"

Alimtoa panya mwingine mwenye mimba, akamkandamiza shingo mezani, akavuta mkia. Mfupa ukalia. Hapo Tae-sang aliuona mkono vizuri. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka, kiwiko kimevilia damu, na shingoni kulikuwa na mikwaruzo ya kucha.

"Ni shemeji, siyo?"

Hyo-rim hakuinua macho. "Mambo ya nyumbani yabaki nyumbani."

Tae-sang alivua koti la maabara, akashuka nje. Saa sita mchana ilikuwa imefika, na kama kila siku, Ok Jun-beom, mume wa Hyo-rim, alikuwa amesimama kwenye maegesho na chakula cha mkewe. Ujanani alicheza mieleka. Mabega yake yaliziba mlango wa gari.

"Shemeji, mkono wa dada umepatwa na nini?"

Jun-beom alitupa jicho kwenye madirisha ya juu. "Kosa ni langu," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyemuudhi."

"Alikuudhi, au ulimuudhi?"

"Kosa langu. Basi, mpelekee tu chakula, kisipoe."

Ngumi ya kwanza ya Tae-sang ilimpasua mdomo. Ya pili ilimwangusha juu ya mikebe ya chakula, wali na kabichi ya kimchi vikatapakaa kwenye lami.

"Simama! Unawaweza wanawake tu, mbwa wewe?"

Jun-beom hakusimama. Alijikunja haraka, magoti kifuani, mikono juu ya kichwa, akatulia. Utulivu ule ulizidi kumpandisha Tae-sang hasira. Alimpiga mateke ya mbavu mpaka kitu kikavunjika ndani, mpaka walinzi wawili wakamvuta kwa nyuma. Hapo ndipo alipoiona damu. Ni yeye mwenyewe aliyempakia kwenye gari na kumkimbiza hospitali, mlinzi mmoja akiwa pembeni yake, na ni yeye aliyeomba polisi waitwe.

Daktari alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka. Alibandika picha ya mifupa kwenye taa, kando ya kitanda.

"Umekuwa ukimpiga tangu lini?"

"Leo tu. Naapa."

"Usinidanganye. Mbavu mbili ni za leo. Nne zilivunjika zamani zikaunga zenyewe, kila moja kwa wakati wake. Taya vilevile. Hiki kidole hakijamaliza hata mwezi."

Tae-sang aliitazama picha bila kuelewa. Nje, kwenye korido, viatu vilikuwa vinakuja mbio.

"Yuko wapi?" Sauti ya Hyo-rim iligonga kuta. "Mume wangu yuko chumba gani?"

Jun-beom alinyoosha mkono uliojaa damu, akaushika mkono wa shati la Tae-sang kwa nguvu zake zote.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "usitoke. Usiniache naye humu ndani."