Birika la Bi Tausi

Mwanakombo alinunua vitu vya kale akaviuza, na jicho lake halikuwa na mchezo. Wiki iliyopita, jikoni kwa Bi Tausi, aliliona birika la shaba lililoshika masizi ya miaka mingi. Wateja wake wangeligombania kwa weusi ule ule.

Aliporudi kulichukua, alilikuta linang'aa kama limetoka dukani jana.

"Nimekusugulia kwa majivu na ndimu, mwanangu," alisema Bi Tausi, vidole vimemchubuka. "Siuzi kitu kichafu."

Mwanakombo alimlipa bei waliyopatana, bila kupunguza. Kisha akalijaza birika maji, akalitia jikoni.

"Likae kwako kwanza, bibi. Nitakuwa nakuja kunywa kahawa."

"Mpaka lini?"

Mwanakombo alichochea kuni. Moshi ukapanda ukairamba shaba, ukaacha alama ya kwanza.