Paa la Sinagogi

Sabato ya kwanza baada ya matanga ya mumewe, Ketura alipita katikati ya wanaume wa sinagogi, akaweka kiganja chake juu ya Torati iliyokunjuliwa. Zabdi, aliyekuwa akisoma, akanyamaza.

"Shemeji, rudi upande wa wanawake," akasema Obedi, mwenyekiti wao. "Tunajua uchungu wako."

"Hamuujui."

Siku aliyokufa, Asheri mumewe alikuwa juu ya paa la sinagogi akijenga kibanda cha sikukuu. Alirudi nyuma hatua moja kuitazama kazi yake, akaangukia mawe ya uani. Kila aliyekuja kumpa pole mkewe alisema ni siri ya Mungu, naye akapekua Maandiko akiitafuta hiyo siri.

"Nimeipata," akasema. "Tumeamriwa kuzungushia paa ukuta, mtu asije akaanguka, damu yake ikawa juu ya mwenye nyumba. Obedi, Asheri alikuomba matofali ya ukuta huo mara ngapi?"

"Hapa ni mahali patakatifu!"

"Mara ngapi?"

"Mtoeni huyu!" akafoka mke wa Obedi. "Msiba umemtia wazimu."

Hakuna aliyemgusa. Obedi akamgeukia Zabdi. "Wewe, endelea kusoma."

Zabdi akamtazama Obedi, kisha Ketura. Akavua shali yake ya sala, akaikunja, akatoka nje. Wakasikia ngazi ikiegemezwa ukutani. Kisha nyayo zikapita juu ya vichwa vyao, polepole, zikielekea ukingoni pasipo na ukuta, zikasimama pale alipoangukia Asheri.