Mgeni wa Bi Dorcas

"Chunga kichwa," alisema Bi Dorcas, lakini Imogen alikuwa ameshajigonga kwenye boriti ya mlango. Mchumba wake, Lionel Frampton, aliyemfuata nyuma huku akiendelea kuongea, aliinama bila kutazama, akapita.

"Hii ni nyumba au shimo la sungura?" aliuliza.

Ilikuwa Jumapili ambayo kijiji kile cha Dorset, kusini mwa Uingereza, huwafungulia watu wa mjini nyumba zake kongwe. Imogen ndiye aliyetaka waje. Tangu asubuhi Lionel alikuwa akitafuta visingizio, mara kichwa kinamuuma, mara mvua itanyesha. Alikuwa mhadhiri wa usanifu wa majengo, na kama alivyomwambia Imogen, yatima wa daktari mmoja wa mji wa Bath, na vibanda vya wakulima vilimtia kichefuchefu. Harusi yao ilikuwa mwezi ujao.

Lionel aliigonga nguzo kwa kifundo cha kidole. "Tazama. Magogo mawili yamepinda, yameegemezana kama walevi. Humu hamna pembe iliyonyooka. Ukutani wakajaza fito, udongo na mavi ya ng'ombe, kisha wakaishi na hao ng'ombe wenyewe."

"Ng'ombe walikuwa na adabu," alisema Bi Dorcas, akimimina chai.

Imogen alicheka. Lionel hakucheka.

"Na hilo paa la nyasi, mama? Lina panya wangapi?"

"Wamebaki wachache, bwana. Wenye kujiona walihamia mjini."

Imogen alimvuta mchumba wake mkono, uso umemwiva kwa haya. "Lionel, umezidi sasa. Mama wa watu kakukosea nini?"

"Yeye simlaumu. Nawalaumu wanaozisifu takataka hizi." Alisema kwa sauti kubwa, kana kwamba chumba kilikuwa kimejaa watu. "Ningepewa ruhusa ningeitia kiberiti. Mtu aliyekulia humu atatoka na akili gani?"

Bi Dorcas aliweka birika chini taratibu. Akamgeukia Imogen.

"Panda juu, binti, ukaone mbao za paa zilivyoshikwa kwa vigingi vya mwaloni. Hamna msumari hata mmoja."

Lionel alisema hana haja ya kupanda. Imogen akapanda peke yake. Juu alikuta mbao nyeusi kwa moshi wa karne nyingi, zimekamatana vizuri hata akazipapasa. Chini ya mteremko wa paa kulikuwa na kitanda chembamba, shuka zake zimefuliwa na kunyooshwa.

 

Aliposhuka aliwakuta wamesimama palepale alipowaacha. Lionel alikuwa akitazama viatu vyake, chai yake haijaguswa.

"Pazuri sana, bibi," alisema Imogen, akitaka kuponya yaliyosemwa. "Kile kitanda ni cha nani?"

"Cha mwanangu. Ninaye huyo mmoja tu."

"Twende, Imogen," alisema Lionel. "Tutachelewa treni."

"Bado mapema," Imogen alimjibu, kisha akamgeukia tena mwenye nyumba. "Huwa anakuja kukuona?"

Bi Dorcas alikitwaa kikombe cha Lionel, akaimwaga chai yote dirishani.

"Kaja leo," akasema.