Uji wa Siku Ishirini

Muzee Antoine alimshika Rébecca mkono kabla kijiko hakijafika mdomoni mwake.

"Usionje," alisema. "Leta vile iko."

Rébecca alishangaa. Tangu vita vipoe Bunia, hakuna aliyempa chakula mtu wa upande mwingine bila kuonja kwanza mbele ya macho yake. Tena ndiyo kwanza wakutane. Mzee alikuwa amemuuliza tu, "Weye mutoto wa nani?" naye akajibu, "Wa marehemu Domitille, kule Marabo." Mzee akalirudia jina hilo kwa sauti ya chini. Sasa aliuvuta ule uji, akanywa, macho ameyafumba.

Ameniamini, Rébecca alijiambia, na jambo hilo likamgusa. Alikuwa akisomea lishe, na huyu ndiye mgonjwa wake wa kwanza: miguu imevimba, mashavu yamebonyea, kwa miezi amekataa chakula katika nyumba ya binti yake mtaani Lumumba. Akifa huyu, sitathubutu kumshika mwingine.

Kila asubuhi alikoroga soya, maziwa na ute wa yai. Kila asubuhi mzee alimaliza kikombe. Siku moja binti yake, Monique, alitaka kulamba mwiko. Mzee akamfokea.

"Acha! Hii ni yangu peke yangu."

Monique akacheka. "Angalia huyu! Samaki yangu anakataa. Dada, umemuroga?"

Rébecca aliinamisha uso kwa haya. Kisha, mzee alipokuwa akinywa, alimweleza kwa upole.

"Mwili iko kama nyumba, papa. Protini ni kuta, na kila ukuta iko na matofali madogo-madogo. Ukikataa kula, mwili inabomoa kuta zake yenyewe, inazichoma ipate nguvu."

Mzee alishusha kikombe. "Inachoma nyumba?"

"Ndiyo. Polepole, bila moto kuonekana."

"Na kile imeisha kuungua, inaweza rudia?"

"Apana. Hata yai ikisha kuiva, haiwezi rudia kuwa mbichi. Lakini tunaleta matofali ingine."

Rébecca aligeukia jiko haraka. Maziwa yalikuwa yameanza kushika chini ya sufuria, na harufu ile ilimrudisha Marabo, utotoni, mbele ya nyumba ya nyasi iliyowaka moto, ambamo mama yake hakutoka.

Siku ya ishirini alibonyeza kifundo cha mguu wa mzee. Kidole hakikuacha shimo. Alitaka kupiga kelele za furaha.

"Papa, umepona!"

Mzee aliitazama miguu yake, imekauka, imara. Akaanza kulia. Alimwomba Monique atoke, akangoja mpaka mlango ufungwe.

"Siku ishirini nakunywa yote," alinong'ona. "Ile nyumba ya mama yako, ni mimi niliichoma. Sasa, mwanangu, juu ya nini sumu yako haijaniua?"